Kuku Walioga Katika Mbegu za Mama

Ndugu zangu wa shirika, mmeniita nisimame, ingawa mnajua kwamba kutulia mahali pamoja hakujawahi kuwa kazi yangu. Papa yule wa nyuma anacheka tayari. Cheka, Papa. Leo nacheka na wewe.

Nilipomaliza sekondari kwetu Kirolirwe, nilishika njia. Nimechimba mawe ya madini kule Bisie enzi za beleshi na mikono, nimebeba mizigo ya watu katika pori la Walikale, nimelala katika vijiji ambavyo hata majina nimeyasahau. Lakini kila nilipowekewa mboga nilisema moyoni: hii si ile ya mama. Mama yangu alipanda lengalenga, mchicha wetu, ya shina jekundu nyuma ya jiko, na kuku wake walizunguka palepale.

Vita vilipofika kilimani kwetu, nilirudi kumchukua. Alitoka na nguo aliyovaa, na mbegu konzi moja aliyoifunga kwenye pembe ya kitenge. Alifia hapa Bweremana. Fundo likabaki kwangu.

Nawaambia ukweli, niliogopa kulifungua. Niliona kwamba nikipanda hapa, nimekubali kuwa hatutarudi. Likaning'inia juu ya moshi wa jiko miaka miwili, mpaka mke wangu aliponiuliza: "Papa, mbegu inazeeka sawa muntu. Utapanda ao utaizika?"

Nikalima tuta uani. Mnajua mbegu ya lengalenga ni ndogo kama vumbi. Ili isirundikane, unaichanganya na majivu. Ndivyo mama alivyofanya. Nikachanganya zote. Zote, ndugu zangu! Sikubakiza hata chembe. Nikamwaga, nikafunika kidogo kwa udongo, nikaingia ndani kunywa maji.

Niliporudi, kuku wangu watatu na jogoo wao walikuwa wamelala katikati ya tuta, macho wamefumba kwa raha, wanajipigapiga mabawa. Nani hapa hajui kwamba kuku huoga katika majivu kuua chawa? Asubuhi ya kupanda, mama aliwafungia bandani. Mimi nilikumbuka ladha ya mboga yake, kazi yake nikaisahau.

Jirani yangu, mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alicheka hadi akashika tumbo. "Papa we! Umetengenezea kuku dushi ya kuogea!"

"Mama, usicheke. Ile ilikuwa mbegu ya mama yangu. Hakuna ingine."

Mimi nikaleta kisu. Nilitaka kuwachinja wote wanne, niwale, kisha nirudi zangu Walikale. Yule mama akaniambia:

"Chinja basi, Papa. Kisha ukimbie, ndiyo kazi unajua. Lakini hii kuku haikukufukuza kwenu."

Yale maneno yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Jogoo hakunitoa Kirolirwe. Waliotutoa walichukua nyumba zetu tu. Kuchoka na kuacha kulima, hayo wanangoja tuyafanye wenyewe. Nikasema, basi mimi sichoki! Nikarudisha kisu jikoni na kuchukua bidoni, lile dumu la maji. Nikamwagilia tuta lile lililovurugwa, asubuhi na jioni. Watu walipita: "Karibu, Papa anapika udongo!" Nikawaambia ndiyo, na ukiiva sitawaita.

Tuta halikuotesha kitu. Wiki ya tatu, nikiwa bado namwagilia kwa ukaidi tu, mke wangu aliyekuwa anafagia banda aliita: "Papa, kuya uone!"

Mlangoni mwa banda, pale kuku wanapojikung'uta manyoya kabla ya kuingia kulala, kulikuwa na miche saba. Niliinama. Mashina mekundu! Kuku walikuwa wamebeba mbegu za mama katika manyoya, wakazimwaga penye mbolea nzuri kuliko tuta langu.

Hatukula hata jani. Watoto walililia mboga na tukawanyima. Tulizungushia matete na moustiquaire kuukuu ya kuzuia mbu, kuku tukawapa majivu yao katika beseni bovu upande wa pili. Miche ikarefuka, ikatoa maua, ikakauka na mbegu zake. Ndipo tukapanda tena, tukala, na kwa mara ya kwanza mezani moyo wangu ukasema: hii ndiyo ile ya mama.

Namshukuru mke wangu, na mama wa sambaza aliyenicheka na kunisimamisha siku ileile. Namshukuru papa aliyenipa matete, yule anayecheka pale nyuma.

Kirolirwe bado naiota, na miguu bado inawasha. Siku ya kurudi nitarudi. Lakini sitangoja siku hiyo nikiwa na njaa, na yeyote anayetaka tukae hapa tumekunja mikono atangoja sana. Wewe uliyekimbia, lima hapohapo ulipo.

Kitenge cha mama hiki hapa. Nafungua fundo mbele yenu. Kila nyumba ipite ichukue kidogo, ili wakimfukuza mmoja wetu, shina jekundu liwe limebaki kwa mwingine. Na ile asubuhi ya kupanda, tafadhali, fungieni kuku.