Risala ya Jamvi la Mikoroshini kwa Mgeni Aliyetaka Ushuhuda

Mgeni rasmi, Mheshimiwa uliyetumwa kwetu na afisi ya afya, maafisa uliofuatana nao, vijana wa kamera, wazee wa mtaa, maimamu, wachungaji, akina mama, na nyinyi watoto mliokalia matawi ya mkorosho: salamu zetu ziwafikie nyote, walio hemani na walio juani.

KARIBU MIKOROSHINI

Tunashukuru umefika salama alasiri hii. Tuliambiwa utakuja asubuhi, lakini mwanzo wa risala hii tuliuandika jana na tukaandika "alasiri", maana wageni wetu tunawajua.

Sura yako si ngeni hapa Tezo. Ilitangulia kwenye bango pale njia panda, ikafuata kwenye fulana, ikamalizia kwenye chupa za maji. Mtoto mmoja ameuliza kama ndiwe unayeuza maji. Tumemkanya.

Hapo kando yako pana kiti kitupu chenye kitambaa cheupe. Usihangaike nacho, tutakifikia.

Kwanza, sisi hatumpokei mgeni bila kumtegea. Kitendawili! Hapa, Mheshimiwa, huitikiwa "Tega!" Ahsante. Nyumba yangu ya kwanza ina ukuta, mlango, kufuli na bango, na haina mtu. Nyumba yangu ya pili haina ukuta wala mlango, na imejaa watu kutwa. Kaa nacho mpaka mwisho. Waweza kumnong'oneza msaidizi wako, tunaona ndiyo kazi yake.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu hakikuanza na semina. Kilianza na makuti. Wanawake wa Mikoroshini tunashona makuti ya kuezekea, wenye mahoteli wa Malindi na Watamu wanayanunua, na tunashona sote kwenye jamvi moja uani kwa hawe Kabibi. Hawe ni nyanya, Mheshimiwa, kwa wale waliosahau lugha ya mama zao.

Sasa kushona makuti kuna siri yake. Mikono ina kazi, macho yako kwenye jani, na aliye kando yako hakutazami. Mdomo ukijiona hauchungwi, hufunguka wenyewe. Damaris alikuja hapo baada ya kumzika mwanawe wa kwanza, akashona msimu mzima bila neno, kisha siku moja akaanza kusema, na hakuna aliyeinua kichwa. Alipopona akasema, "Hawe, kuna vijana wengi kijijini waliofunga midomo kama mimi. Tuwaite waje washone."

Ndipo afisi yako ikatusikia, na wakati ule ilikuwa na masikio. Ikamleta nesi Mahira kutoka Malindi. Mahira hakutufundisha kuacha makuti. Aliketi jamvini, akajichoma kidole, akacheka, akawafundisha Damaris na wenzake namna ya kusikiliza bila kuhubiri, namna ya kumuuliza mtu jambo zito bila kulizungusha, na ni wakati gani ugonjwa umetushinda aitwe yeye. Afisi iliwapa wasikilizaji nauli, na Mahira usafiri wa kuja kila wiki. Basi. Hatukuomba hema.

TULIYOYAFANYA

Tukuhadithie la mmoja, yatosha. Tutamwita Dena. Jina si lake, tumemwazima.

Dena alikuwa bodaboda pale steji, kijana wa mzaha, abiria akishuka bado anacheka. Siku moja alikuwa na homa, akampa rafiki yake Japheth pikipiki amfanyie kazi. Lori likampitia Japheth barabarani, akafa. Tangu hapo Dena akazima kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Pikipiki ikarudi kutoka kwa fundi, akaiegemeza ukutani akaifunika gunia. Wenzake wakasema ana pepo. Mjomba wake akasema ana uvivu. Mama yake alimshika mkono akamleta jamvini kama mtu anayeleta mtoto shule.

Dena alishona vibaya mno. Makuti yake yangeezeka banda la kuku, na kuku wangelowa. Damaris hakumsahihisha. Wakaketi hivyo, siku nyingi, mpaka Dena akaliambia jani:

"Ile pikipiki ilikuwa yangu."

"Vuta kamba," akasema Damaris, bila kumtazama.

"Ningekwenda mimi siku ile."

"Ehe."

"Kofia yangu ya pikipiki nimeshampa Amjad wa pale steji. Mimi siihitaji tena."

Hapo mkono wa Damaris ukasimama. Mheshimiwa, mtu akianza kugawa vitu vyake, huo si ukarimu. Mahira alitufundisha hilo. Damaris akamuuliza wazi: "Unataka kufa?" Dena akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyetua gunia. Damaris akakaa naye, hawe Kabibi akapika uji, na Mahira akapigiwa simu akaja siku ile ile. Dena akapata daktari, akapata dawa, na alasiri akawa anarudi jamvini. Kofia aliidai mwenyewe kwa Amjad, wakagombana, na sisi tukafurahi kusikia anagombana.

Leo Dena anapakia abiria. Hayo ndiyo maendeleo yetu. Hayana utepe wa kukata.

YANAYOTUKWAZA

Baadaye afisi yako ikaamua kwamba jamvi ni aibu. Ikatujengea chumba. Tunashukuru kwa chumba, kina rangi nzuri. Tunauliza tu aliyechagua pa kukiweka ni nani, na kama amewahi kuwa kijana. Kimejengwa mkabala wa steji ya bodaboda, dirisha la kioo likitazama barabara, na juu ya mlango pana bango la herufi nyekundu linaloonekana tangu njia panda: VIJANA WENYE MATATIZO YA AKILI INGIENI HUKU. Ndani pana viti viwili vinavyotazamana kama watu wanaodaiana mahari.

Nani angeingia? Siku ya kwanza kijana mmoja alisimama tu karibu na mlango kufunga kamba ya kiatu, na steji nzima ikapiga kelele, "Leo ni zamu yako!" Akaenda na kiatu mkononi. Tangu hapo aliyeingia ni mbuzi wa jirani, naye alitoka hajasaidiwa. Mwisho wakatia kufuli, ufunguo ukaenda makao makuu.

Kisha tukaambiwa nauli ya wasikilizaji na usafiri wa Mahira vimesimama kidogo, kwa sababu fungu lile la fedha limeelekezwa kwenye uhamasishaji. Hatukulijua neno hilo. Leo tumeliona kwa macho: ni hema hili, bendi ile, fulana hizi, na chupa zenye sura yako. Tumehamasika, Mheshimiwa. Lakini Mahira haji, dawa za Dena zinafuatwa mjini, na juma lililopita Damaris alikwenda kwa miguu hadi kwa binti mmoja mbali huko, akamkuta amejifungia, akaketi nje ya mlango akimwimbia mpaka mlango ukafunguka. Nasi tunajiuliza siku atakayochoka kutembea itakuwa siku ya nani.

Sasa tufikie kile kiti.

Bwana Lewis wa afisi yako alikuja kutuandaa. Alikuta tunashona, akasimama ukingoni mwa jamvi na viatu vyake.

"Kina mama, ratiba ina ushuhuda. Nataka muathiriwa mmoja. Awe kijana, asimame jukwaani aseme alivyougua."

"Aseme mbele ya nani, mwanangu?" akauliza hawe Kabibi.

"Mbele ya watu wote, na kamera. Akilia kidogo itapendeza."

"Kidogo kiasi gani? Tukupimie kwa kibaba au kwa pishi?"

Bwana Lewis hakucheka. Akasema, "Hawe, nisikilize. Bila ushuhuda mgeni atajuaje mnafanya kazi? Fungu litakwenda kwa kikundi kingine." Akavua kofia, akajipepea, akaondoka.

Hakujua kwamba Dena alikuwa pale pale, kuti mapajani. Dena akaliweka chini.

"Hawe, nitasimama mimi."

"Utasimama wapi?"

"Jukwaani. Mimi nimepona hapa. Jamvi lisife kwa ajili yangu."

"Shona," akasema Damaris.

"Damaris, nasema kweli."

"Nami nasema kweli. Kesho yake nani atapanda pikipiki yako? Mama yupi atakupa mtoto wake umpeleke shule? Steji ile ile iliyomcheka mtu wa kamba ya kiatu, wewe watakufanya nini?"

Dena akauliza, "Na jamvi je?"

Hawe Kabibi alichukua kuti la Dena, akaligeuza huku na huku, akasema, "Mjukuu wangu, hili ndilo la kwanza ulilolishona sawa. Jamvi ni mzigo wa wazee. Wewe maliza safu yako."

Ndiyo sababu kiti kile ni kitupu, Mheshimiwa. Kitabaki hivyo mpaka wafunga hema waje. Ukitaka kutunyima fungu kwa sababu hatukukuletea mtu wa kulia, tunyime ukiwa umeketi kando yake, ukitutazama.

TUNAYOOMBA

Mahira arudi. Haya mengine twaweza kungoja, hilo hatuwezi, kwa sababu yapo maradhi ambayo uji wa hawe Kabibi hauyafiki.

Damaris na wenzake wapate nauli yao, waipate kabla ya bendi.

Lile bango lishuke. Litafaa kwa uzio wa mbuzi, ambaye ndiye mteja wenu. Chumba tupewe ufunguo, tutaweka makuti yasilowe, na siku ya mvua tutatandika jamvi humo. Viti vyenu viwili tutawapa wanaodaiana mahari.

Na kwenye ratiba zenu, neno ushuhuda lifutwe. Mtu akikupa siri yake amekupa amana, na amana haipandishwi jukwaani.

DUA NA KUAGANA

Sasa rudi kwenye kitendawili chetu. Nyumba ya kwanza nadhani umeitegua, umeipita ukija, na sura yako imebandikwa ukutani. Ya pili umeipita pia, ila hukupunguza mwendo.

Ikikushinda, desturi unaijua hata kama umesoma mbali: anayeshindwa hutoa mji. Usitupe Mombasa, usitupe Malindi, miji hiyo imekwisha kupewa na watoto wengi. Mji wetu ni jamvi na nesi wa kuketi juu yake. Tupe huo hapa hapa mbele za watu, na Bwana Lewis auandike.

Huenda unamtafuta Dena kwa macho. Usitafute. Yumo humu, amevaa fulana yako kama wengine, na gari lako lilipokwama kwenye mchanga huenda ndiye aliyelisukuma. Hatutakuonyesha. Kutokuonyesha ndiyo kazi yetu, na sasa umeiona tukiifanya.

Mungu akurudishe nyumbani salama, akujalie afya na watoto wanaosema nawe, na akupe masikio makubwa kuliko bango lako.

Ni sisi, Kikundi cha Jamvi la Mikoroshini, Tezo.
Kwa sauti ya hawe Kabibi wa Ziro.