Mashine Haijaharibika, Imefungwa

ECHODU: Haloo? Nani mwenzangu?

AKITENG: Fundi Echodu? Ni Akiteng wa Amagoro. Ulitutengenezea redio ya mama—

ECHODU: Ee, dada! Yoga, hujambo. Habari ya—

AKITENG: Mbaya! Mashine ya oksijeni ya mama imezima. Midomo yake inabadilika rangi. Naogopa, fundi!

ECHODU: Stima iko?

AKITENG: Iko. Inaandika tu, “Saa elfu kumi zimeisha, wasiliana na kampuni.”

ECHODU: Hiyo haijaharibika. Wameifunga wenyewe ndio mnunue mpya. Umewapigia?

AKITENG: Mara sita! Wanasema Jumatatu. Leo Jumamosi! Na ambulensi imekwama kwa foleni ya malori huko Malaba. Watu wanasema wewe unajua namba ya kuifungua.

ECHODU: Watu gani? Mimi sijui namba yoyote.

AKITENG: Fundi, tafadhali—

ECHODU: Dada, nililala selo siku tisa kwa kufungua mashine kama hiyo! Hakimu alisema hiyo programu ni mali ya kampuni, nikiigusa tena ni jela miaka miwili. Niko na watoto.

AKITENG: Mali yao, sawa. Si basi waje leo waifungue? Ama haki ni yao, maiti ni yangu?

(mtandao unakwaruza)

ECHODU: Anapumua aje?

AKITENG: Alikuwa anahema. Sasa... sasa polepole. Mama! Mama, niangalie!

ECHODU: Skiza. Finya zile batani mbili za juu pamoja, hesabu mpaka kumi. Kisha nne, saba, moja, moja.

AKITENG: ...moja, moja. Imewaka! Mama, vuta. Vuta tu.

ECHODU: Midomo?

AKITENG: Inarudi. Mungu akubariki, fun— Ngoja. Imeandika, “Taarifa inatumwa kwa kampuni.”

ECHODU: Inatumwa? Wameweka laini ya simu ndani! Zile za zamani hazikuwa nayo. Na hiyo namba ni mimi peke yangu niliyeigundua. Watajua.

AKITENG: Nichomoe hiyo laini?

ECHODU: Imeandikwa nini hapo kando?

AKITENG: “Ukitoa laini, mashine itazima.” Fundi, nifanye nini?

ECHODU: Usiguse. Wacha mama avute.

AKITENG: Na wewe je?

ECHODU: Lazima nitoroke, dada. Navuka mpaka saa hii. Simu naizima, wasinifuate nayo. Umwambie mke wangu Benta—

AKITENG: Ngoja, mama ameinua mkono. Anataka kukuambia asante. Mama, ongea, yuko hapa. Fundi? Fundi, haloo?