Kiganja Ukutani

Mambo yaliharibika Jumanne ile wakubwa wa mji walipomhamisha mwashi na mkewe kutoka jengo la kale lililokuwa kwenye mtaa wenye miti. Mke alifia ugenini, na tangu hapo mwashi aliwalaumu wakubwa hata mvua ikichelewa.

Leo, ndani ya basi, mshonaji aliyeketi kando yake alimwambia amenunua fleti katika jengo lile lile la kale. “Ila wakubwa wamenikataza kugusa kuta, baba, ati sasa ni jengo la urithi. Jikoni kuna alama ya kiganja kwenye plasta, nami siruhusiwi kuifuta.”

“Kidole cha mwisho kimepinda?”

“Umejuaje?”

“Nilimwambia mke wangu plasta imekauka, akaegemea.” Mwashi alicheka huku machozi yakimlengalenga. “Basi Mungu awabariki, washenzi wale.”

Basi lilisimama kwenye mtaa wenye miti. Mshonaji aligeuka mlangoni. “Baba, hushuki ukakione kiganja chake?”