Mke Mwenza wa Magurudumu Mawili

Ndani ya treni, fundi cherehani alimgeukia mama asiyemjua aliyeketi karibu naye. "Dada, mke mwenza wangu ni pikipiki. Imemaliza kilomita laki mbili na haijawahi kumlaza mume wangu njiani. Injini ikikohoa kidogo, anaacha chakula akaisikilize. Mimi nimekohoa mwezi mzima, ananiambia ninywe maji."

"Lakini anayetunza chuma kikuukuu hivyo, wewe hawezi kukutupa."

"Kutotupwa tu hakunitoshi. Na mimi nataka kubadilishiwa oili!"

Abiria waliangua kicheko. Yeye hakucheka.

Treni iliposimama, alimwona mumewe nje, amekuja kumpokea. Alikuwa ameinama, sikio kwenye injini ya pikipiki. Akamwita dirishani, hakusikia.

"Ndiye huyo?" mama aliuliza.

"Ndio hao," akajibu, akabeba mfuko wake.