Mkono Uliobaki Mkavu

Kijiwe chetu kipo Kiseke, pale lami inapoishia na njia ya mawe inapoanza kupanda mlimani. Ni ubao mmoja mrefu, ncha moja imelala juu ya jabali, nyingine juu ya tofali, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu. Ubao ni wangu. Nasema mapema, maana wapo watu wanaukalia kila siku toka alasiri mpaka magharibi na hawajawahi kuuliza mwenye ubao kaamkaje. Wa kwanza ni Yahaya, muuza kahawa, tunamwita Sheikh Kashata, ingawa usheikh hana na kashata zake ngumu. Wa pili ni Luhende, tunamwita Hakimu. Alifanya kazi mahakama ya mwanzo miaka kumi na miwili, kazi yenyewe kubeba mafaili na kufungua madirisha, lakini ukimsikia anavyotoa hukumu utadhani alikuwa anamfungulia dirisha Jaji Mkuu. Wa tatu ni Okomo, mvunja kokoto, mtu wa Rorya, mrefu kama nguzo ya umeme, naye tunamwita Nyundo. Mimi wananiita Chaji. Ijumaa hiyo tulikuwa kwenye birika la pili, Yahaya na kanzu yake ya msikitini, na mama mmoja mgeni kakaa pembeni ananisubiri nimtengenezee simu, Okomo alipofika akakaa bila kusalimia.

Yahaya: Nyundo, hata salamu? Au mliobatizwa hamsalimii tena sisi wengine?

Okomo: Jamani, ubatizo wangu haukushika.

Luhende: Haukushika vipi? Ubatizo ni rangi ya nyumba?

Okomo: Haukushika. Nimetoka kuvunja mawe sasa hivi. Nimefika pale kwa Mama Paulo, kilabuni, nikasikia harufu ya gongo. Koo likakauka, miguu ikageuka yenyewe. Kiu ileile. Haijapungua hata tone! Nimekuja hapa mbio.

Jambo hili tunalijua wote. Okomo alikuwa mlevi wa kulala mtaroni. Januari mkewe, Ajwang, alifunga mizigo akarudi kwao Shirati, akasema atarudi siku atakayosikia mume ameacha pombe, siyo siku atakayoahidi kuacha. Okomo akahangaika, akaingia mafundisho, na Jumapili iliyopita Mchungaji Oyoo akambatiza kwa maji mengi kule Igombe, ziwani. Binti yake Winnie akapiga video akamtumia mama yake. Ajwang akajibu neno moja tu: anakuja Jumamosi. Na Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Okomo: Mimi nilijua kiu itazama majini. Nilimwambia Mchungaji, nizamishe sana, usinionee huruma. Sasa mbona imerudi nami mpaka ufukweni? Halafu leo nimekumbuka kosa liko wapi. Chaji, fungua ile video.

Nikaifungua. Ninayo, kila mtu Kiseke anayo. Mchungaji Oyoo mfupi, maji yamemfika kifuani, Okomo yamemfika kiunoni, kavaa kanzu nyeupe ya kubatiziwa. Mchungaji anamshika shingo na kiuno, anatamka maneno, anamlaza chali. Kichwa kinazama, tumbo linazama, magoti yanazama. Kitu kimoja kinabaki juu ya maji, kimenyooka: mkono wa kulia, umeshika simu.

Yahaya: Lahaula! Nyundo, ulibatizwa na simu mkononi?

Okomo: Ile kanzu haina mfuko! Na pale ufukweni viatu vya Mzee wa Kanisa viliibiwa wakati tunaomba. Ningemwachia nani? Nilijiambia, nikizama nitainua mkono, Mungu anajua maisha yalivyo.

Luhende akavua miwani akaifuta kwa shati. Akifanya hivyo ujue hukumu inakuja.

Luhende: Na gongo unainua kwa mkono upi?

Okomo: Wa kulia.

Luhende: Basi kesi imekwisha. Mkono mtupu haulambwi, na mkono mkavu haubatizwi. Wewe umeokoka isipokuwa mkono. Ni kama hati ya kiwanja: picha ipo, jina lipo, dole gumba halipo. Hiyo hati ni karatasi tu ya kufungia maandazi.

Yahaya: Mimi ya kwenu siyajui. Ila kwetu ukitawadha ukaacha hata pa kiasi cha ukucha pakavu, udhu haujatimia. Unarudia. Sasa huyu kaacha mkono mzima! Maji ni maji, bwana.

Luhende: Halafu wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Huyu aliingia amevaa. Hakuvua. Kwa hiyo kisheria hakuoga.

Mimi: Hakimu, wewe mwenyewe ulimwagiwa kijiko cha maji utosini ukiwa na wiki tatu, umelala. Kama ni mkono, wako haujaona maji mpaka leo.

Luhende: Samaki mkunje angali mbichi! Mimi nilibatizwa kabla sijajua kushika glasi. Huyu kabatizwa glasi imeshamzoea.

Hapo ningenyamaza ningefanya la maana. Lakini mtu akitaja simu mbele yangu siwezi kukaa kimya, ndiyo kazi yangu.

Mimi: Tatizo siyo mkono. Tatizo ni simu. Fikirini: mtu anazama na mashetani yake. Yanakimbilia wapi? Penye ukavu. Pakavu palibaki mahali pamoja tu, simu! Yamejaa mle yote. Nyundo, toka Jumapili chaji inakaa?

Okomo: Haikai! Mchana imeshakufa.

Mimi: Mnaona? Mle ndani kuna msongamano.

Okomo akaitoa ile simu mfukoni akaiweka juu ya ubao, mbali kidogo na paja lake. Yahaya akasogeza kashata zake.

Luhende: Chaji, wewe unawaza kibanda chako tu. Jambo ni kubwa kuliko simu. Jumatatu, Nyundo, ulikula nini?

Okomo: Ugali.

Luhende: Na nini?

Okomo: Sangara. Kichwa.

Luhende: Wa wapi?

Okomo: Igombe, palepale. Mzee wa Kanisa alinipa zawadi ya ubatizo.

Luhende: Ng'wanawane! Mwanangu, umekwisha. Sikilizeni. Dhambi ikioshwa inabaki majini, sivyo? Maji ya ziwa hili yanatoka kupitia Jinja, yanaingia Mto Naili, mpaka Misri. Hiyo safari ni ya miezi. Jumatatu dhambi za Nyundo hata Ukerewe zilikuwa hazijafika! Zinaelea hapohapo. Na sangara anakula nini? Kila kitu! Basi umeziosha Jumapili, na Jumatatu umezila na limao.

Yahaya: Astaghfirullah. Na kichwani ndiko zinakokaa.

Nilicheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Okomo hakucheka. Alikuwa ameinamia mikono yake, ile mikono ya kuvunja mawe, mipana, kucha zimechanika.

Okomo: Mimi nawaambia kitu. Mchungaji alitusomea kwamba Yesu alitoka majini, akaenda jangwani, Shetani akamwambia geuza mawe haya yawe mikate. Mimi mawe ndiyo kazi yangu. Kwangu Shetani hasemi mikate. Kila nikijaza debe la kokoto ananiambia, Okomo, geuza hii iwe gongo. Na mimi miaka tisa nimegeuza. Kila siku. Muujiza wangu ndio huo.

 Yahaya akammiminia kahawa, Okomo hakuigusa.

Okomo: Sasa nyie ndio rafiki zangu, na mna akili. Niambieni ukweli. Mnakubaliana kwamba sikubatizwa?

Luhende: Kisheria, hukubatizwa.

Yahaya: Unarudia tu, ndugu yangu. Siyo aibu.

Mimi: Mkono pamoja na simu, Nyundo. Vyote viwili.

Okomo: Wa kurudia wanabatizwa lini tena? Mchungaji alisema ubatizo mwingine ni mpaka Pasaka.

Luhende: Basi Pasaka.

Okomo: Haya. Asanteni.

Akasimama, akajikung'uta vumbi la mawe kwenye suruali. Uso wake ulikuwa umetulia, na huo utulivu ndio ulionitisha.

Mimi: Unakwenda wapi?

Okomo: Kwa Mama Paulo. Nilikuwa najitesa bure. Siku tano silali, najigeuza tu kitandani, nadhani napigana vita ya watu waliobatizwa. Kumbe mimi bado sijaandikishwa. Mpaka Pasaka niko huru.

Yahaya: Weee! Nyundo! Na Ajwang kesho?

Okomo: Ajwang namwambia ukweli, kwamba haukushika. Nyie ni mashahidi.

Mashahidi!  Nilijiona nimesimama mbele ya Ajwang, ameshuka kwenye basi na mizigo yake, ananiuliza, shemeji, ni wewe uliyemwambia mume wangu ana mashetani kwenye simu? Nilimtazama Luhende, Luhende akatazama ziwa. Mtu mwenye maneno kama redio, siku ya haja hana hata moja. Nilimkasirikia sana, na mimi mwenyewe nilijikasirikia zaidi.

Mimi: Kaa kwanza, kahawa yako inapoa.

Okomo: Kahawa haijawahi kunisaidia, Chaji.

Ndipo yule mama mgeni akakohoa. Tulikuwa tumemsahau. Jina lake Wilhelmina, amehamia Kiseke juzijuzi, alileta simu isiyosikika, na muda wote alikuwa amekaa mwisho wa ubao na kapu lake magotini.

Wilhelmina: Samahani, wazee wangu. Naweza kuuliza?

Luhende: Uliza, mama. Mahakama iko wazi.

Wilhelmina: Siiulizi mahakama. Namuuliza huyu baba. Baba, toka Jumapili umekunywa?

Okomo: Nimekwambia, mama, kiu ileile, haijapungua hata...

Wilhelmina: Sikuuliza kiu. Nimeuliza umekunywa?



Okomo: Sijanywa.

Wilhelmina: Hata kidogo?

Okomo: Hata kidogo.

Wilhelmina: Jumatatu?

Okomo: Jumatatu nilizunguka kwa nyuma, kwenye mawe, nisipite kilabuni.

Wilhelmina: Jana?

Okomo: Jana Mama Paulo aliniletea mwenyewe mpaka machimboni. Ya bure. Ndani ya kikombe cha chai, watu wasijue. Nilikishika.

Wilhelmina: Kwa mkono upi?

Okomo: Huu.

Wilhelmina: Ukakifanyaje?

Okomo: Nikakirudisha.

Wilhelmina: Sasa huo mkono mkavu, ambao hawa wazee wanasema haukubatizwa, siku zote tano ni nani aliyekuwa ameushika?

Nakwambieni, nimekaa kijiweni miaka, nimesikia maswali ya Bunge, ya mpira, ya nani alianza kati ya kuku na yai. Yote tulikuwa na majibu, tena zaidi ya moja. Hilo hapana. Luhende alishika miwani asiifute. Yahaya akanong'ona kitu kwa Kiarabu. Okomo alikuwa anautazama mkono wake mbele na nyuma, na machozi yanamtoka, mtu mzima yule, hayafuti.

Luhende akajaribu kidogo.

Luhende: Ina maana... kwa upande mmoja...

Yahaya: Hakimu, nyamaza.



Okomo akakaa. Akanywa ile kahawa iliyopoa, akaomba nyingine, Yahaya akainamisha birika likatoa mashapo tu. Kahawa imekwisha.

Wilhelmina: Na simu yangu?

Mimi: Iko tayari, mama. Ilikuwa vumbi tu.

Akaichukua, akatuaga vizuri, akashuka zake kuelekea barabarani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anasali wapi.

Jua lilikuwa linashuka na Okomo ilimbidi arudi nyumbani, akafagie, Ajwang asikute nyumba kama banda. Nyumbani kwake ni juu, na giza likiingia njia ya kule nyuma kwenye mawe haipitiki. Inabaki moja, ya mbele ya kilabu. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

Okomo: Jamani. Kuna anayepanda huko juu?

Yahaya anakaa chini, jirani na msikiti. Luhende anakaa kule ng'ambo ya barabara. Mimi nakaa Nyakato kabisa, na nilikuwa na simu nne za watu sijamaliza.

Yahaya: Mimi napanda.

Luhende: Na mimi. Nina shauri huko.

Nikafunga kibanda. Tukapanda wote wanne, Yahaya na birika lake tupu linagongana na vikombe, Luhende nyuma anahema na bado anaeleza habari za Misri. Tulipofika kwa Mama Paulo palikuwa pamejaa, muziki juu, na yeye mwenyewe kasimama mlangoni.

Mama Paulo: Nyundo! Mbona siku hizi umetutupa?

 Okomo akamwambia, habari za jioni, mama, kesho mke wangu anarudi. Kisha tukapita.