Ugonjwa wa Dada Kola Ulioitwa Uvivu

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wetu Mkuu, Meneja, Msimamizi wetu asiyekosea, mabibi na mabwana:

UKARIBISHO
Karibu kiwandani kwako. Tumefurahi umekuja kutuzindulia bwawa la mapambo hapo getini. Maji yanaruka juu mchana kutwa bila kuomba ruhusa. Sisi wa chumba cha kushona tumeyaonea wivu kidogo.

HISTORIA FUPI
Tunaye mwenzetu anayeshona kola. Tunamwita Dada Kola. Mwaka jana alianza kuumwa kichwa kila asubuhi, na kushikwa na kiu isiyokatika. Akimaliza jagi anakimbilia chooni, akirudi anatafuta jagi jingine. Msimamizi, kwa huruma aliyojaliwa, akauita uvivu, akafunga bomba.

"Umekuja kushona au kunywa maji?"

"Kaka, koo linaniwaka."

"Basi funga mdomo, lipoe."

Tiba hiyo hatujaisikia kwingine, na ilitolewa bure.

Kisha Dada Kola akaanza kugonga vitoroli vya nguo vinavyopita pembeni yake. Ofisi ikagundua papo hapo kwamba amelewa. Siku alipoiangukia meza ya pasi, mama yake mzazi alikuja kumchukua. "Mwanangu hanywi pombe," alisema. "Mwanangu haoni."

Hospitali wakampiga picha ya kichwa. Tulipokwenda kumjulia hali, daktari akatueleza: "Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, pituitari. Huziamrisha tezi nyingine, na hutoa homoni inayozuia mwili usipoteze maji. Jirani yake umeota uvimbe uitwao kraniofarinjioma. Ni wa nadra. Si saratani, ila umekaa pabaya: unaibana tezi na mishipa ya macho."

Kumbe kiu ile haikuwa uvivu, wala vitoroli havikuwa pombe.

MAFANIKIO
Yapo. Dada Kola alipasuliwa, uvimbe ukatolewa. Atatumia dawa za homoni maisha yake yote, na atapigwa picha mara kwa mara, maana uvimbe huu huweza kurudi. Kiu imetulia. Mbele anaona vizuri na kola anaweza kushona. Giza limebaki pembeni tu.

Kiwanda nacho kilifanikiwa: barua ya kumwachisha kazi ilimfikia wodini kabla nyuzi za mshono hazijatolewa. Kasi hiyo tunawaombea na mafundi wa feni zetu.

CHANGAMOTO
Ofisi ya utumishi imesikia maneno "si saratani", ikauliza, "Sasa alikuwa anaumwa nini?" Tunaomba uwaeleze kwamba hata kokoto si saratani, lakini ikikaa ndani ya kiatu hutembei. Hii ilikaa ndani ya kichwa.

MAOMBI
Arudishiwe cherehani yake. Vitoroli vipite nyuma ya viti. Bomba lifunguliwe.

Mgeni rasmi, la mwisho halimo kwenye karatasi hii, maana limetokea sasa hivi. Ulipopita ukitusalimia, dada mmoja wa mstari wa mbele hakuupokea mkono wako, na tumemsikia Meneja akikunong'oneza, "Huyo ana kiburi." Ndiye Dada Kola, tumemwalika. Mkono wako ulitokea pembeni. Hakuukataa, hakuuona. Bado amekaa pale. Tunakuomba ushuke jukwaani, usimame mbele yake, umnyooshee tena.

Mungu akujalie afya njema. Na siku ukiugua, akuepushe na msimamizi anayetibu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kushona.