Ta Datius Rwekaza, Aliyeujua Mvinyo kwa Pua
3 Agosti 1950 – 11 Februari 2025

Datius Rwekaza Mushumbusi alizaliwa tarehe 3 Agosti 1950 huko Kimwani, katika Wilaya ya Muleba ya leo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mushumbusi na Ma Evelyne. Wazazi wake walilima migomba na kahawa, na baba yake alisifika kwa rubisi, pombe ya ndizi ambayo harusi za Kimwani hazikukamilika bila hiyo. Akiwa na umri wa miaka minane, siku wageni walipokuja kumposa shangazi yake, Datius aliinamia kibuyu kilichoandaliwa kwa ajili ya wageni, akanusa, akasema, “Tata, hii imepitiliza siku moja.” Mzee Mushumbusi alionja, akakitoa kibuyu kile na kuleta kingine. Mtoto hakupongezwa wala hakukemewa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 katika shule ya msingi pale pale Kimwani na kuhitimu la saba mwaka 1966. Alibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kilutheri. Hesabu zilimshinda, jambo ambalo hakulificha. Alipenda jiografia. Hakuendelea na sekondari kwa sababu nafasi zilikuwa chache, akabaki nyumbani miaka miwili akipalilia kahawa.

Mwaka 1968 alipanda meli Bukoba hadi Mwanza, na kutoka hapo treni hadi Dar es Salaam, ambako mjomba wake Philbert alikuwa mpishi katika hoteli moja kubwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha glasi, na aliifanya kwa miaka mitatu. Siku moja mwaka 1971, Mfaransa aliyesimamia vinywaji, Bwana Lucien, alimkuta ametumbukiza pua katika glasi iliyorudi kutoka mezani.

“Unafanya nini?”

“Nanusa, bwana. Huu si kama wa jana.”

“Chupa ya jana na ya leo ni ndugu. Una nini huu?”

“Unanuka gunia lililolowa.”

Bwana Lucien alinusa kizibo, akaenda mwenyewe ukumbini kuiondoa chupa ile na kuwaomba radhi wageni. Jumatatu iliyofuata alianza kumfundisha Datius. Alimfundisha mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa. Chupa hulazwa ili kizibo kisikauke. Haitikiswi, wala haikai karibu na joto. Mvinyo wa miaka mingi huzibuliwa taratibu, kisha humiminwa kwenye chupa pana ya kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ili mmiminaji ayaone mashapo na kuacha kabla hayajapita. Ukiwa mchanga una rangi ya zambarau na hukausha kinywa kama ndizi mbichi. Miaka ikipita, ule ukakasi hulainika na rangi huelekea ya tofali. Datius aliyashika yote hayo, akaongeza la kwake ambalo wengi waliofanya naye kazi wanalikumbuka: “Kuzeeka si kukomaa. Kuna chupa zinazozeeka tu.”

Tarehe 31 Desemba 1977 alifunga ndoa na Bi Kokushubila, mwalimu wa shule ya msingi, katika usharika wa Kimwani. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Lilian. Mama Lilian hakuhamia Dar es Salaam. Alibaki akifundisha na kutunza kibanja, shamba lao la migomba na kahawa, na kwa miaka kumi na sita mume wake alikuwa mtu wa likizo, wiki nne kwa mwaka. Ndoa yao ilikuwa ya barua. Katika barua hizo hakuandika kuhusu mvinyo, kwa kuwa mke wake alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na hakuwahi kuonja kileo.

Bwana Lucien alistaafu na kurejea kwao mwaka 1990. Mwezi Juni 1992 hoteli iliandaa karamu ya wageni wengi. Mvinyo uliokusudiwa ulikuwa umewekwa wima miezi kadhaa kando ya mtambo wa maji moto. Datius alizibua chupa sita, akanusa, akaonja, akazipanga juu ya meza ya jikoni bila kumimina hata moja.

“Mimina,” meneja alimwambia. “Hawa hawajui.”

“Ni kweli hawajui. Lakini mimi najua, na mkono unaomimina ni wangu.”

Usiku ule wageni walikunywa bia. Kesho yake Datius alihamishiwa kwenye udobi, akakunja mashuka kwa miezi kumi na minne. Familia ilimuuliza mara nyingi jina la meneja yule, naye hakulitaja mpaka anaingia kaburini. Habari zilimfikia Bwana Lucien kwa barua ya mpishi mmoja. Mwaka 1993 msafiri kutoka Ufaransa alileta chupa moja ya Bordeaux, mavuno ya mwaka 1986, ikiwa na karatasi yenye maneno machache: isifunguliwe kabla ya mwaka 2010. Datius aliacha kazi mwezi ule ule, akarudi nyumbani akiwa ameipakata chupa hiyo njia nzima.

Kuanzia 1994 hadi alipostaafu mwaka 2013, alikuwa mkuu wa wahudumu katika hoteli moja mjini Bukoba. Jumatatu alikwenda, Ijumaa alirudi Kimwani. Huko Bukoba ndiko alikomfundisha Hamidi Najibu, ambaye yupo nasi leo. Hamidi alipopangiwa kitengo cha vinywaji alisema, “Mzee, mimi ni Mwislamu, sionji.” Datius akamjibu, “Sijakuomba uonje. Una macho, una pua.” Alimfundisha kwa rangi na harufu tu, na hakumruhusu mtu yeyote amtanie. Leo Hamidi anasimamia huduma za wageni katika hoteli mbili.

Ile chupa aliilaza katika shimo lililojengewa kwa mawe nyuma ya ghala la kahawa, akalifunika kwa majani makavu ya migomba. Mwaka 2003 jina lake lilipendekezwa kwa uzee wa kanisa. Muumini mmoja alisimama na kusema kwamba nyumba yenye chupa ya ulevi haiwezi kutoa mzee wa kanisa. Datius hakujitetea. Aliliondoa jina lake na kuendelea kukaa kwenye benchi lake la siku zote. Mama Lilian aliona aibu, akamwomba aiuze. Alikataa kwa upole, na hilo ndilo lililokuwa neno gumu zaidi kati yao.

Mwaka 2021 aliugua homa kali ya mapafu. Alipona, lakini pua yake haikurudi. Kahawa ilikuwa maji ya moto, na ndizi zilikuwa kitu laini mdomoni. Hakulalamika, ila aliacha kwenda jikoni. Mwaka 2023 moyo nao ulianza kumsumbua, na mikono ikawa inatetemeka. Tarehe 31 Desemba mwaka huo, walipotimiza miaka arobaini na sita ya ndoa, alimwita Hamidi kutoka Bukoba. Baada ya ibada Hamidi aliifungua chupa, akaimimina kwa mshumaa kama alivyofundishwa, na hakuna shapo lililopita. Datius aliinamisha glasi, akatazama rangi, akanusa kwa muda mrefu. Kisha akaisogeza kwa mke wake.

“Mama Lilian, mimi sipati kitu. Nisaidie.”

“Baba Lilian, unajua mimi sinywi.”

“Najua. Sina pua nyingine ninayoiamini.”

Alionja mara moja, akafumba macho. Alisema kwanza ni kama udongo wa kibanja mvua ikianza. Akasema tena, ni kama maganda ya kahawa yaliyokauka juani. Datius akamuuliza kama kinywa kimekauka.

“Kidogo. Kisha kinaachia.”

“Basi umekomaa,” alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wanawe. Mama Lilian aliimaliza glasi ile.

Mwezi Januari mwaka huu hali yake ilizidi kudhoofika. Alilazwa Bukoba kwa siku tisa, akaomba kurudishwa nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Kimwani, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mjane, Bi Kokushubila, watoto watatu, Lilian, Ayubu na Mugisha, wajukuu wanane, na dada zake wawili. Mjane ameomba lisemwe jambo moja. Mtu huyu aliyeweza kumwambia Mfaransa kwamba mvinyo wake umeharibika alikula chakula cha mke wake miaka arobaini na saba, na hakusema hata siku moja kwamba chumvi imezidi. Anasema zipo siku ilizidi, naye anazijua.

Bwana ampokee na kumpa utulivu wake. Lala salama, Ta Datius.